Kukandwa kwa mise Ujiji: mguu mmoja ulikandwa leo, mwingine kesho

Nianze na bei maana najua wengi ndo mnachotafuta: kukandwa mapaja na bibi mmoja wa Ujiji kwa maji ya moto na mafuta ya mise (yale ya kokwa la chikichi) ni elfu kumi kwa miguu yote miwili, elfu saba ukija na mafuta yako mwenyewe, hamna risiti, unalipa mkononi au kwa simu. Nimeenda mara tatu ndani ya wiki tano na nimeona niandike vizuri kwa sababu kwenye kikundi chetu cha jogingi kila Jumapili ni kilio cha mapaja na kila mtu ana dawa yake, mwingine anasema meza diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, mwingine anasema lala, mwingine anasema maumivu ndo mazoezi yenyewe yavumilie tu.

Mimi nauza vitenge pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, kazi yangu ni kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, na mwezi wa pili nilipopimwa presha ikaonekana imeanza kupanda, daktari akaniandikia dawa na akanambia mama anza kutembea, punguza chumvi. Ndo nikajiunga na wenzangu wanaokimbia Jumamosi alfajiri. Kwa wasioijua Kigoma, mji wetu umekaa mlimani, stesheni ya reli iko chini kabisa karibu na ziwa, na Mwanga iko juu, barabara ya Lumumba ndo inaunganisha, kwa hiyo ukikimbia hapa hakuna tambarare ya kukuonea huruma, ni kushuka hadi stesheni halafu kupanda kurudi. Jumamosi ya kwanza tukashuka, tukapanda, tukashuka tena, mwisho kocha akasema skwoti mia, kuchuchumaa na kuinuka. Nikapiga zote mia. Nikarudi nyumbani najisikia mwepesi, nikafua, nikapika, nikasema kumbe hamna kitu.

Jumapili asubuhi nikaamka mapaja yamekaza. Jumatatu ndo sikuweza kabisa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, ilibidi nishike ukuta kwa mikono yote miwili nishuke kidogo kidogo machozi yananitoka. Kushuka zile ngazi tatu za dukani kwangu niliteremka kiubavu kama mtu aliyevunjika. Binti yangu ndo aliyeninyanyulia ndoo siku ile.

Kitu nilichokuja kukielewa baadae, mpwa wangu anasomea fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli, ndo alinifafanulia kwenye simu, ni kwamba kilichonimaliza sio kule kupanda. Nilikuwa nadhani kupanda ndo kazi maana ndo unahema mpaka unasikia kifua kinawaka. Yeye akasema hapana shangazi, kupanda kunachosha moyo na mapafu, lakini kushuka ndo kunachana misuli, kwa sababu ukishuka paja linafanya kazi ya breki, msuli unavutwa urefuke huku wenyewe unajikaza kuzuia usianguke, na hapo ndo nyuzi zake ndogo ndogo zinapata michubuko. Skwoti nayo ile ya kwenda chini taratibu ni hivyo hivyo. Na ile habari ambayo kila kocha anaisema, kwamba ni asidi inayobaki kwenye misuli ndo inauma, akasema ile inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja au zaidi kidogo ukishapumzika, sasa itakuumizaje kesho kutwa? Maumivu haya yanaanza baada ya kama saa 12 mpaka 24, yanapanda, kilele chake ni siku ya pili au ya tatu, halafu yanashuka yenyewe. Nimeishika hiyo ya kushuka yenyewe, na nyie ishikeni maana nitairudia, ukitaka kupima dawa yoyote ya maumivu haya kwa haki lazima ujue kwamba hata usipofanya kitu utapona.

Basi Jumatatu ile mchana sikujua hayo. Nikaenda duka la dawa nikaomba diklofenaki. Yule dada wa dukani nimshukuru hapa hapa, akaniuliza kwanza una presha? Nikasema ndio na natumia vidonge. Akasema basi hii sikupi bila daktari, dawa za jamii hii zinaweza kupandisha presha na zinaweza kuipunguzia nguvu ile dawa yako, akanipa panado na tubu ya dawa ya kuchua. Akaniuliza na rangi ya mkojo. Nilishangaa, nikasema wa kawaida. Akasema ukiona umekuwa kama chai ya rangi au kama koka, na misuli imevimba na huna nguvu, usiende kwa mchuaji, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu msuli ukiumia kupita kiasi unamwaga vitu vyake kwenye damu na figo ndo zinaumia kuvichuja. Wadau hili naomba mlisome mara mbili, hasa nyie mnaoanza leo mnapiga skwoti mia tatu kwa kushindana.

Dawa ya kuchua yenyewe: ni ile yenye menthol na methyl salicylate, ukipaka inaanza baridi halafu inakuja moto. Inasaidia, sikatai, lakini inasaidia kwa kuishughulisha ngozi, ule moto unaufanya ubongo usisikilize paja kwa nusu saa hivi, ikiisha maumivu unayakuta pale pale ulipoyaacha. Kwa kulalia usingizi inafaa. Usipake kwenye kidonda na unawe mikono kabla hujagusa macho au mtoto.

Halafu nikakosea. Jioni ile ile nikaenda sehemu moja ya masaji hapa mjini, siitaji, kijana ana mikono kama mtwangio, akanilaza kitandani akanikandamiza paja kwa kiwiko, mi napiga kelele yeye ananiambia vumilia mama tunavunja mafundo. Hakuna mafundo! Ni msuli wenye michubuko, unaukandamiza kwa kiwiko unategemea nini? Elfu ishirini ikaenda, nikaamka Jumanne na alama za bluu kwenye paja la kushoto na maumivu juu ya maumivu.

Jumanne hiyo ndo jirani yangu ambaye kwao ni Ujiji akasema twende kwa bibi. Jina lake silitaji hapa, mwenyewe kaniomba hivyo, hataki watu wasiomjua wampigie simu usiku. Kazi yake hasa ni kukanda wazazi, wanawake waliojifungua, na hiyo kazi ameirithi kwa mama yake, sisi watu wa mazoezi tumekuja juzi tu. Unaingia uani, kuna mwembe mkubwa, kuna jiko la mkaa lina sufuria la maji juu, mkeka, na pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, akaniangalia navyotembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka, akasema umebeba mizigo au umekimbia? Nikasema nimekimbia. Akasema umeshuka mlima. Hajasoma fiziotherapia yule.

Sasa sikilizeni kitu kilichonifanya nimwamini. Kabla hajagusa hata kidole akainama akaninusa paja, akasema umepaka dawa ya dukani. Nikasema ndio asubuhi. Akachukua sabuni ya kipande na kitambaa akaniosha yote, akafuta, akaosha tena, akasema hii na maji ya moto haviketi pamoja, itakubabua. Na ni kweli kabisa, hizo dawa za kuchua zenyewe zimeandikwa kwenye karatasi yake usiweke kitu cha moto juu yake, ngozi inaweza kuungua. Yule kijana wa kiwiko hakuniuliza hata nimepaka nini.

Halafu akaziona zile alama za bluu. Akasema hapa sitagusa. Na kweli hakugusa, alizunguka pembeni.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Anachovya kitambaa kizito kwenye maji ya moto, anakamua, anakijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kwa ndani, ndo anakuwekea juu ya paja na kukiacha hapo kimya, hasukumi. Kikipoa anachovya tena. Kama mara sita saba hivi. Msuli unaanza kulegea wenyewe kabla hajakukanda. Hapo ndo anachukua mafuta ya mise aliyoyapasha kwenye kikopo, na hapa niseme kwa watu wa mbali, mise sio mawese. Mawese ni yale mekundu ya kupikia yanayotoka kwenye nyama ya chikichi, mise yanatoka kwenye kokwa la ndani, linakaangwa, linatwangwa, linachemshwa mpaka mafuta yanaelea juu, yanakuwa meusi meusi na yana harufu nzito ya kuungua. Sisi tumekua tunapakwa hayo mwili na nywele. Sisemi kwamba mise yana dawa ndani yake ya kuponya msuli, bibi mwenyewe hajasema hivyo, nilimuuliza akanijibu mafuta ni ya kufanya mkono upite. Ila mkono unapita kweli, hayakauki haraka kama losheni.

Anakwenda kwa kiganja kizima, kutoka juu ya goti kupanda kuelekea nyonga, taratibu, uzito ule ule, anarudi chini hewani bila kugusa, anapanda tena. Vigimbi anavishika kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo ya hariri. Kila baada ya muda anauliza hapa? Ukikunja uso anapunguza. Dakika kama arobaini. Sikupiga kelele hata mara moja, nilisinzia.

Nilipoinuka nilichuchumaa. Sio mpaka chini kabisa lakini nilichuchumaa bila kushika kitu, nikaangalia jirani yangu naye akaniangalia. Bibi akasema sasa usiende kulala, tembea mpaka kituoni taratibu usipande boda, na kesho tembea tena, paja likilala linaganda. Mpwa wangu nae alisema hivyo hivyo, kutembea kwa upole kunapunguza maumivu kuliko kulala siku nzima, ingawa ukikaa tena yanarudi kidogo. Jumatano nikawa najiweza, Alhamisi nikasahau.

Lakini hapa ndo nilipojiuliza kwa haki. Nilienda kwake siku ya tatu. Siku ya tatu maumivu yanaanza kushuka yenyewe. Sasa ni mikono ya bibi au ni kalenda? Ningeandika riviu siku ile ningewadanganya bila kukusudia.

Jibu nililipata kwa bahati, wiki tatu baadae. Kwenye jogingi tulikuwa tumezoea, na kitu kizuri ambacho hamna mtu alinambia kabla ni kwamba Jumamosi ya pili njia ile ile na skwoti zile zile ziliniuma robo tu, ya tatu karibu hamna, msuli ukishapitishwa mara moja unajifunza. Basi kocha akaona tumezoea akabadilisha, akaleta lanji, zile hatua ndefu unashusha goti la nyuma karibu na chini, kuzunguka uwanja. Jumapili mchana mapaja yote mawili yamekaza sawa sawa, nikapanda bajaji nikaenda Ujiji kabla maumivu hayajafika kilele. Bibi akaanza mguu wa kulia, kitambaa, mise, kiganja, akamaliza. Anataka kugeukia kushoto wakaingia watu na mzazi wa siku nne, mtoto mkononi, mama wa watu anatembea kwa shida. Bibi akanambia mwanangu nisamehe, huyu ndo mwenye nyumba, wewe njoo kesho asubuhi. Akanitoza elfu tano. Nikaondoka na mguu mmoja umekandwa na mwingine bado.

Jamani ile ndo ilikuwa shule. Usiku wa Jumapili mguu wa kulia niliukunja kitandani bila kuamka, wa kushoto kila nikijigeuza unaniamsha. Jumatatu asubuhi, ile ile siku yangu ya kilele, nikashuka ngazi za dukani makusudi nikiangalia: mguu unaobaki juu kufanya breki ukiwa ni wa kulia, nashuka kwa maumivu ya kawaida ya kuvumilika. Breki ikiwa ya kushoto, nashika mlango. Nilirudia mara nne, wateja wananishangaa. Kwa macho yangu ningesema ule wa kulia ulipungua kama theluthi, sio zaidi. Haukupona, ulipungua. Na nguvu zenyewe hazikuwa tofauti, miguu yote miwili ilikuwa minyonge kunyanyua kitu. Saa nne nikarudi kwa bibi akamalizia wa kushoto, jioni ikawa sawa. Na siku ya nne, Jumatano, hata ungeniuliza ni upi ulikandwa kwanza nisingekumbuka.

Kwa hiyo ninachowaambia ni hiki, kukandwa kwa upole kunakupunguzia zile siku mbili mbaya, usiku unalala, asubuhi unaweza kwenda kazini, basi. Mwisho wa maumivu kwangu uko pale pale siku ya nne au ya tano ukandwe usikandwe. Kwangu mimi ninayesimama dukani na siruhusiwi diklofenaki, siku mbili hizo zina thamani ya elfu kumi kabisa. Wewe mwenye miaka 20 unayeweza kulala mpaka saa sita, labda baki na hela yako utembee tu.

Watu wameniuliza kuhusu ziwa. Nimejaribu, jioni nimesimama kwenye maji mpaka kiunoni natembea natembea kama nusu saa. Kunapendeza na kunalegeza. Ila wanaosema ziwa letu ni kama yale mabafu ya barafu ya wachezaji wa Ulaya wasikudanganye, yale ni maji ya nyuzi 10 mpaka 15, Tanganyika juu juu ni kama 25, ni uvuguvugu, kinachokusaidia pale ni kutembea na maji kukubeba uzito. Na uliza wenyeji kwanza kabla hujaingia, mamba wapo na kichocho kipo. Kunyoosha viungo pia nimefanya kabla na baada, sikuona tofauti ya maana kwenye maumivu, mpwa wangu anasema hata tafiti zimekuta faida yake hapo ni ndogo mno, lakini naendelea kwa sababu nyingine, mgongo wangu unapenda.

Mabaya ya kwa bibi sasa. Hamna kuweka nafasi, unaweza ukafika ukakuta wazazi wawili mbele yako ukasubiri saa mbili, na mzazi akija anapita mbele yako hata kama umewahi, mimi sina neno na hilo lakini mjue. Wanaume hapokei kabisa. Moshi wa mkaa ule ukiwa na pumu utakusumbua. Faragha ni lile pazia la kanga tu, watoto wanapita wakicheza. Na mise jamani yanatia doa lisilotoka, sketi yangu ya kijivu imekwisha, na harufu inakaa mpaka siku ya pili hata ukioga, mume wangu hakuipenda. Nampa nne na nusu kwa tano, hiyo nusu ni ya moshi.

Ukienda, usiende siku ile ile ya mazoezi maana bado hujui wapi panauma, nenda kesho yake mchana. Usipake dawa ya dukani siku hiyo. Ukiwa na presha, kisukari, mimba, au mguu mmoja tu umevimba na una joto, anza hospitali, na bibi mwenyewe nimemsikia akimrudisha mama mmoja mwenye mguu wa hivyo akamwambia huu sio wa kwangu. Kutoka Mwanga panda daladala au bajaji ya Ujiji, shuka njia ya kwenda makumbusho ya Livingstone, halafu uliza wanawake wauza dagaa wakuelekeze kwa bibi anayekanda wazazi, watakuuliza umejifungua lini, waambie hapana, nimeshuka mlima. Beba kanga nzee ya kujifunga na nyingine ya kukalia kwenye bajaji ukirudi.